Muda Umetupa Kisogo

Oda iliingia saa tano usiku. Kurasa sita, saa kumi na mbili za kuzimaliza, dola tatu na nusu kwa ukurasa. Mteja alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili huko Ohio, Marekani. Mada aliyopewa na mwalimu wake ilihusu faida za kuwaleta viongozi wa kifeministi chuoni wazungumze na wanafunzi pamoja na jamii inayozunguka chuo. Chini kabisa mwa maagizo palikuwa na mstari mmoja: ongeza tukio la kibinafsi.

Nilicheka peke yangu kejani. Mimi huandikia watu insha za chuo, na mimi mwenyewe sina chuo. Niliacha nikiwa nimebakisha muhula mmoja na nusu. Hata mama yangu sasa anaweza kulisema bila kushusha sauti. Ukipita kwenye ploti za Zimmerman usiku wa manane na uone mwanga wa laptopu kwenye madirisha, si wote wanatazama sinema. Wengine wetu tuko darasani huko Uingereza na Marekani, kwa majina ya watu wengine. Najua si kazi safi. Inalipa stima na nyumba.

Nilimtungia yule wa Ohio tukio lake la kibinafsi. Nyanya yake, maktaba ya mtaani, machozi kidogo. Akanipa nyota tano.

Lakini usingizi haukuja, kwa sababu tukio la kibinafsi juu ya mada hiyo ninalo, na halina nyanya.

*

Ilikuwa mwaka wa 2024. Kama ulikuwa Kenya Januari ile, huhitaji kukumbushwa. Wanawake walikuwa wakiuawa, kila siku jina jipya kwenye simu, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, aliuawa katika nyumba ya kukodi kwa siku huko Roysambu. Mwanafunzi kama sisi. Tarehe 27 wanawake wakaandamana Nairobi na miji mingine. Wachache kati yetu tulipanda matatu alfajiri kutoka chuoni, mwendo wa saa mbili na nusu, tukarudi usiku bila sauti. Wiki hizo hosteli ilibadilika. Wasichana walikuwa wakitumiana lokesheni hata wakienda tu kutoa fotokopi. Tuliyekaa naye chumba kimoja, nitamwita Jirani kwa sababu kitanda chake kilikuwa ng'ambo ya changu, alianza kulala na kiti kimeegemezwa mlangoni. Nilidhani ni mambo ya habari tu. Sikumuuliza.

Nilikuwa katika klabu ya jinsia. Tulikuwa wanachama kumi na mmoja, na wanne kati yao, tuseme ukweli, walitaka cheti. Tukakubaliana kwamba badala ya kuwasha mishumaa na kupiga picha, tulete mtu. Mtu aliyepigana vita hivi kabla hatujazaliwa, atuambie zinapigwaje.

Ukitaka pesa ya kuleta mgeni unaandika pendekezo. Fomu ya wafadhili ilikuwa na kisanduku kinachouliza jamii itafaidika vipi. Katibu wetu, kijana mwerevu ambaye sasa nasikia yuko kwenye shirika moja kubwa Westlands, aliandika pale bila hata kupepesa: "wanawake 40 kutoka jamii inayozunguka chuo watahudhuria." Nikamuuliza tutawatoa wapi. Akasema, "Si wewe unakula kwa Mathe?"

Ni kweli nilikuwa nakula kwa Mathe. Kibanda chake kilikuwa nje ya geti la nyuma, mabati matatu na turubai, chapo mbili na madondo shilingi sabini. Alikuwa na daftari la madeni, kila mteja na ukurasa wake, na ukurasa wangu ulikuwa umejaa mbele na nyuma. Nilikuwa na deni la 340 siku niliyokwenda kumwalika.

"Tukuje kufanya nini?" akauliza.

"Kusikiliza, Mathe. Tuko na mgeni. Kiongozi wa wanawake."

"Wa wanawake gani?"

Nikasema wa Kenya. Akageuza chapati, akaibonyeza pembeni kwa kitambaa.

"Sawa. Saa ngapi? Kwa sababu saa saba hadi saa nane hatuwezi. Hiyo ndiyo saa nyinyi mnakula."

Tukaweka saa saba na nusu, kwa sababu ndiyo saa ukumbi ulikuwa wazi. Kati ya wanawake wa chama chao wakaja kumi na tisa. Kwenye ripoti tuliandika arubaini.

*

Ruhusa ya ukumbi ilitoka kwa mlezi wa wanafunzi. Alikuwa mtu mpole, na lazima niliseme hilo kwa sababu katika hadithi kama hizi watu hutarajia jitu. Alitukaribisha, akatuagizia chai. Akasema wazo ni zuri sana, ila mazungumzo yawe ya uongozi na ushauri, "tusiingize mambo ya ndani." Akasema pia maswali yaandikwe kwenye vikaratasi na yapitie kwa mfawidhi, ili kuwe na mpangilio.

Mfawidhi ni mimi.

Kulikuwa na jambo lingine katika ofisi hiyo. Nilikuwa na deni la karo la shilingi 38,400, na mitihani ilikuwa wiki tano mbele. HELB ilikuwa imechelewa, na baba yangu, fundi wa mabomba, alikuwa na miezi saba bila kazi ya kueleweka. Bila barua kutoka kwa mlezi wa wanafunzi singeingia chumba cha mtihani. Ombi langu lilikuwa kwenye drowa yake, nililiona alipokuwa akitafuta kalamu. Akaniona nikiliona.

"Hii yako tutaiangalia baada ya shughuli yenu," akasema, na akatabasamu vizuri kabisa.

Hakunitisha. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka tabasamu lile kama tisho na halikubali. Pengine alimaanisha tu kwamba yuko bize. Hesabu nyingine zote nilizipiga mwenyewe.

*

Mgeni alikuja na gari dogo analoliendesha mwenyewe, na chupa ya chai. Alikuwa na miaka sitini na kitu, kitenge, raba nyeupe. Simtaji jina kwa sababu hakuniruhusu, na kwa sababu nisiyoyasema vizuri hapa si makosa yake.

Alianza kwa Kiingereza. Wanafunzi walikuwa mbele, wakubwa wa chuo mstari wa kwanza, na kina mama wa chama nyuma kabisa, karibu na mlango, mikoba mapajani. Baada ya kama dakika kumi akasimama, akauliza kwa Kiswahili, "Kina mama huko nyuma, tunaenda pamoja?"

Mmoja akajibu, "Endelea tu, Madam. Sisi tunangojea soda."

Ukumbi mzima ukacheka. Mgeni alicheka pia, lakini hakurudi kwenye Kiingereza tena. Alianza upya, na nilichomsikia akisema kwa Kiswahili kilikuwa tofauti na kile alichokuwa amekianza. Kilikuwa na watu ndani yake.

Alituambia kuhusu mwaka wa 1982. Sote tulimjua Wangari Maathai wa miti na wa Nobel. Hatukujua yule wa 1982: mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka wa 1971, ambaye miaka kumi na moja baadaye alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, wakasema hajajiandikisha kupiga kura inavyotakiwa. Akarudi kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi imejazwa, na nyumba ya chuo aiache. Mwaka huohuo Micere Githae Mugo, aliyekuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa katika chuo hichohicho, alitoroka nchi na binti zake wawili. Akanyang'anywa uraia. Alifariki 2023 huko Marekani, baada ya kufundisha watoto wa watu wengine kwa miongo.

"Kwa hivyo mkisema mnaleta viongozi wanawake chuoni," Mgeni akasema, "mkumbuke wengine walikuwa humu ndani tayari. Walitolewa."

Mlezi wa wanafunzi alikuwa akiandika kwenye kidaftari. Sijui aliandika nini. Pengine ununuzi wa nyumbani.

Kisha akaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hapa ndipo nilipoona kina mama wa nyuma wakivuta viti. Alieleza vile Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, alivyoupeleka mswada katika Bunge lililojaa wanaume. Vile mbunge mmoja alivyosimama kueleza kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huenda anamaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje. Vile kifungu cha ubakaji ndani ya ndoa kilivyoondolewa ili mengine yapite. Na vile kilivyoingizwa kifungu cha 38: ukimshtaki mtu na ionekane umesema uongo, adhabu yako ni ileile ambayo yeye angepata. Hebu fikiria uko kwenye benchi la polisi na umeambiwa hivyo. Kifungu hicho kilikaa hadi 2012 ndipo kikafutwa. "Sheria ilifutwa," akasema, "woga haukufutwa."

Halafu kifungu cha 23. Mtu mwenye mamlaka, au mwenye ofisi ya umma, akimtaka mwingine kimapenzi mara kwa mara, huku akijua au akipaswa kujua kwamba hatakiwi, ana hatia. Kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Hakusema neno lolote kuhusu wahadhiri. Hakuhitaji. Kila komredi ndani ya ukumbi ule anajua maksi hupotea vipi, na hurudi vipi.

*

Vikaratasi vilikuwa thelathini na kimoja. Nilivipokea kwenye kofia ya mweka hazina, nikavipanga mezani wakati Mgeni akinywa chai yake. Vingi vilikuwa vya kawaida. Je, mfeministi anaweza kuolewa? Na mtoto wa kiume je? (Sita, hicho.) Nifanyeje nijiamini? Mmoja aliuliza kama tunaweza kupewa nauli.

Cha kumi na nne kilikuwa cha karatasi ya mirabamraba, ile ya daftari la hesabu. Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Mtu mkikaa chumba kimoja miaka miwili na nusu unajua anavyokunja mkia wa herufi g.

*Mara kwa mara ni mara ngapi? Mimi ni mara nne. Maksi zangu za muhula uliopita bado hazijatoka.* Na chini yake, namba ya somo. Ukiwa na namba ya somo una jina la mtu.

Niliinua macho. Mstari wa mbele, mkuu wa idara hiyohiyo alikuwa akifuta miwani kwa tai. Mlezi wa wanafunzi alikuwa akitazama saa. Jirani alikuwa mstari wa saba, upande wa dirisha, na alikuwa akinitazama mimi.

Ningeweza kulisoma bila namba. Ningeweza kuuliza tu, Mgeni, mara kwa mara ni mara ngapi, na hakuna mtu angejua. Nimeliandika upya swali hilo mara nyingi tangu hapo, kwa namna saba tofauti, zote salama. Mimi ni mwandishi wa kulipwa, kubadilisha sentensi za watu ndiyo kazi yangu. Lakini pale juu sikuwaza namna saba. Niliwaza drowa.

Nikakiweka kikaratasi chini ya vingine. Nikasoma cha kumi na tano, ambacho kilikuwa juu ya kusawazisha kazi na familia. Nikasoma viwili vingine. Kisha nikasema ile kauli ambayo kila mfawidhi Kenya huisema kwa sauti ya raha kabisa: "Kwa bahati mbaya, muda umetupa kisogo."

Mgeni akautazama mkono wangu. "Yamebaki mangapi?"

"Machache tu, Madam."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaugeukia ukumbi. "Mimi saa kumi nitakuwa barabarani. Nani kati yenu atakuwa hapa kesho, mtu akiwa na shida?"

Watu wakacheka kwa aibu. Hakuna aliyejibu, si wa mbele, si wa klabu. Halafu kutoka nyuma kabisa, mkono mmoja.

"Sisi tuko," Mathe akasema. "Tunafungua saa kumi na moja asubuhi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilicheka hata mimi, kwenye maikrofoni.

*

Usiku ule Jirani alikuwa amelala kuelekea ukutani nilipoingia. Nilivua viatu polepole.

"Uliiona?"

"Zilikuwa nyingi," nikasema. "Muda uliisha."

"Sawa."

Hakusema kitu kingine. Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na kiti kimeondolewa mlangoni. Siku ya Jumatatu barua yangu ilitiwa sahihi. Ilikuwa na mstari mmoja wa pongezi kwa kazi nzuri ya kuendesha hafla.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliambiwa na Mathe mwezi wa Mei, nikiwa nimekwenda kupunguza deni, na alinisimulia kama mtu anayesimulia safari ya soko. Jirani alifika kibandani kesho yake, saa kumi na moja na nusu asubuhi, kukiwa bado giza. Mathe alimpa chai kwanza. Kisha akamuuliza jambo moja: amekugusa?

Kwa sababu kama amekuguswa, Mathe alinieleza, kuna njia yake, na njia hiyo haingoji. Huogi. Nguo unazitia kwenye karatasi ya khaki, si nailoni. Unakwenda hospitali ya serikali kabla ya saa 72 kwisha, dawa za kuzuia virusi hazifanyi kazi zikipita hapo. Daktari anajaza fomu yake, PRC, na polisi wanatoa P3. Matibabu hayalipiwi, na anayekuitisha pesa anakula. Kama hujui pa kuanzia piga 1195. Alizitaja hatua hizo akihesabu kwa vidole vyenye unga. Kumbe chama chao kilikuwa kimempeleka hospitali msichana wa kazi kutoka ploti ya jirani miaka miwili kabla ya hapo. Walipotea njia, walizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi siku nzima, na waliporudi wakaamua hawatapotea tena. Tangu siku hiyo kila Alhamisi kila mmoja hutoa hamsini ya nauli. Nauli ya nani, hawajui. Ya yule atakayekuja.

Nilisimama pale na shilingi 200 mkononi. Sisi tulikuwa tumeandika kurasa kumi na mbili za pendekezo la mradi.

Jirani alisema hapana, hajaguswa, ni maneno na meseji na maksi. Mathe akasema basi hiyo ni ya benchi.

Ya benchi ni hivi. Wanawake wanne, Mathe na wenzake, walivaa vizuri, wakafunga biashara saa nne asubuhi, wakaingia geti kuu na vitambulisho, wakaenda hadi idara ile na kuketi kwenye benchi nje ya mlango. Karani akawauliza wanataka nini. Wakasema wamekuja kuulizia karatasi ya mtihani ya mtoto wao. Akawaambia warudi kesho. Wakasema wangependelea kungoja. Hawakutaja kifungu cha 23, wala kutaja jina la mtu. Walikaa hadi saa kumi, mmoja akifuma kofia. Kesho yake wakarudi wanne wengine. Wanafunzi walikuwa wakipita na kuwasalimia kwa jina, maana nusu ya idara hula kwao. Siku ya tatu mkuu wa idara, yule wa miwani, aliwaita ndani.

Maksi zilitoka baada ya siku tisa. B.

Na yule mhadhiri? Bado anafundisha, nasikia. Jirani hakuandika taarifa. Alitaka kumaliza, basi, na mimi si mtu wa kumwambia alipaswa kutaka zaidi. Hili huniudhi kila nikisoma makala za watu wetu zinazoishia na ushindi. Benchi lilirudisha maksi za mtu mmoja. Msichana atakayekaa darasa lile muhula huu hana habari kwamba kuna benchi.

Nimewahi pia kusikia watu wakisema ziara za namna hii ni maonyesho, mgeni anakuja, anapigiwa makofi, anaenda. Nilikuwa naamini hivyo kwa muda, ilikuwa inanisaidia. Lakini si kweli kwa siku ile. Jirani alitoka ukumbini na vitu viwili: namba ya kifungu, na uso wa mtu anayefungua saa kumi na moja asubuhi. Cha kwanza alipewa na Mgeni. Cha pili alipewa na kisanduku kwenye fomu, kile tulichokijaza kwa uongo. Wanawake tuliowaita waje kujaza viti na picha ndio peke yao katika jengo lile waliokuwa na utaratibu. Na wangeweza kuondoka kabla ya maswali, kwa sababu soda zilikuwa zimechelewa.

*

Nilifanya ile mitihani. Nilipita vizuri hata. Halafu Januari iliyofuata deni lilikuwa limezaa, baba akaanguka kutoka kwenye ngazi, na hakukuwa na drowa ya kuingizia barua nyingine. Mlezi wa wanafunzi alikuwa amehamishwa, na mpya hakunijua. Nilibeba godoro langu hadi stage. Kwa hivyo nilichonunua kwa kikaratasi kile kilikuwa muhula mmoja.

Jirani alihitimu. Alinitumia picha akiwa na joho, mama yake kando amevaa kofia yake ya mahafali. Nikamwandikia ujumbe mrefu, wa kuomba msamaha, wenye aya. Nadhani ulikuwa mzuri kuliko insha zote nilizowahi kuuza. Alijibu baada ya siku mbili.

"Ilishaisha hiyo. Lakini uliiona, sindio?"

"Niliiona," nikaandika.

Tiki mbili za buluu. Hatujaongea juu yake tena, ingawa tunaongea. Wiki iliyopita alinitumia tangazo la kazi.

Mwezi jana nilikuwa na shughuli upande ule nikapita kwa Mathe. Mabati sasa ni matano. Nilimaliza deni langu, akalifutia mstari kwenye daftari na kunionyesha, ili nione kwa macho yangu. Kisha akatoa chini ya meza karatasi iliyokunjwa mara nne. Barua, yenye muhuri wa klabu. Kuna watoto wapya pale, sijui hata mmoja. Wamemwalika azungumze ukumbini, yeye, mbele, siyo nyuma.

"Wanasema dakika kumi," akasema. "Utaniandikia?"

Nikamwambia hahitaji kuandikiwa, aseme tu vile alivyoniambia mimi, na vidole. Akafikiri.

"Wameandika saa saba na nusu tena."

"Waambie wabadilishe."

"Nimewaambia. Wanasema ndiyo saa ukumbi uko wazi." Akaikunja barua. "Nani atanishikia jiko?"

Nikasema nitakuja mimi. Akanitazama mikono, na hakuamini, na hata mimi sikuamini, chapati zangu hazijawahi kuwa za mviringo. Ni Alhamisi ya tarehe kumi na saba. Nimeshaweka simu inikumbushe.